Kwenye Chanzo cha Naili, Sisi Waislamu Tuko Wapi?



 

Ndugu wasomaji, wakati wa likizo tuliwachukua watoto wa madrasa pamoja na wazazi kadhaa kutoka Wanyange hadi kwenye chanzo cha Mto Naili mjini Jinja. Ni safari fupi tu. Wengi wa watoto hao wanaliona ziwa kila siku kutoka kilimani, lakini hawakuwa wamefika pale ambapo maji yanaliacha ziwa na kuanza safari ndefu ya kwenda Sudan na Misri. Walipanda mashua, wakala mandazi, wakasoma maandishi yote waliyoyaona. Tulipokuwa tunajiandaa kurudi, msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja hivi akanishika kanzu na kuniuliza: "Maalim, hapa anatajwa Mzungu, anatajwa na Mhindi. Sisi Waislamu tuko wapi?"

Nilimjibu haraka haraka kwamba Waislamu tuko wengi Jinja, misikiti ipo, shule zipo. Lakini yeye hakuuliza kuhusu leo. Aliuliza kuhusu zamani. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, sikuwa na jibu lililo tayari. Nimekaa nalo swali hilo kwa wiki kadhaa, na makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa wazazi wote walio na watoto wenye maswali kama hayo.

TULIKUWEPO

Tuanze na huyo Mzungu. John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko ya Jinja tarehe 28 Julai 1862, akayaita maporomoko ya Ripon kwa jina la bwana mmoja mkubwa wa Uingereza. Ng'ambo ya pili, upande wa Njeru, upo mnara wa kumkumbuka. Wenyeji hawakusubiri yeye awaambie kwamba pana mto. Mto walikuwa wakiuita Kiyira, na mahali penyewe pana jina linalotokana na mawe, ndiyo hii Jinja yetu.

Lakini jambo ambalo wengi hatuwaelezi watoto ni kwamba Speke hakutembea peke yake. Msafara wake ulipangwa Unguja mwaka 1860, na waliobeba mizigo, waliotafsiri, waliopika na waliolinda usiku walikuwa Waungwana wa Unguja, watu wa Kiswahili, na wengi wao wakijulikana kwa majina ya Kiislamu. Kiongozi wao maarufu alikuwa Sidi Mubarak, aliyeitwa Bombay. Yeye alizaliwa Myao, akakamatwa angali mtoto na kuuzwa utumwani, akapelekwa India, na bwana wake alipofariki akapata uhuru wake na kurudi Afrika Mashariki. Mtu huyo alitembea na Speke, akatembea na Stanley, akatembea na Cameron. Jumuiya ya Kijiografia ya Uingereza ilimpa nishani ya fedha na baadaye pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Na kabla ya Speke, Uislamu ulikuwa umekwisha kufika katika nchi hii. Mwaka 1844, yaani miaka 18 kabla ya safari hiyo, Ahmed bin Ibrahim alikuwa katika baraza la Kabaka Suuna II huko Buganda, akimweleza Kabaka kuhusu Mwenyezi Mungu mmoja.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu la kwanza ni hili: tulikuwepo. Tulikuwepo miguuni, mabegani na katika lugha. Ila hatukuandika, na asiyeandika huandikiwa na wengine, au husahauliwa kabisa.

HATUKUWA PEKE YETU

Hata hivyo, ndugu wasomaji, nisingependa makala haya yawe ya kujisifu. Kasoro ya mnara mmoja wenye jina moja haiponi kwa kuweka mnara mwingine wenye jina jingine moja. Hebu tuangalie sehemu hii ndogo ya Jinja, ambayo kijana mwenye baiskeli anaweza kuizunguka kwa siku moja, tuone ni watu wangapi wana haki ya kusema "hapa ni petu pia."

Wasoga wapo kwanza, na makao ya ufalme wao yako Bugembe, jirani kabisa na sisi wa Wanyange. Wanyoro nao wana sehemu yao: kilima cha Mpumudde ndipo alipofariki Omukama Kabalega mwezi Aprili 1923, akiwa njiani kurudi kwao baada ya Waingereza kumweka uhamishoni Shelisheli kwa miaka mingi. Hakufika nyumbani akiwa hai. Mwili wake ulipelekwa kuzikwa Mparo, Hoima. Wahindi wana sehemu yao: sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa katika mto huu mwaka 1948, na mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, Inder Kumar Gujral, alikuja kuzindua sanamu yake hapo mtoni. Kakira, pale tunapoona mashamba ya miwa, kiwanda cha sukari kilianzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930.

Kisha mwaka 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, na maporomoko yale ya Ripon yakazama. Viwanda vikafuata, na viwanda vikaleta watu. Katika mitaa ya wafanyakazi kama Walukuba walikutana watu kutoka pande zote za Uganda na nje yake, na lugha iliyowawezesha kuelewana mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Wazee wetu wengi waliswali pamoja kwa mara ya kwanza katika mitaa hiyo, Mnubi bega kwa bega na Msoga, Mluo bega kwa bega na Msamia.

Tembea katika barabara kuu ya Jinja uinue macho juu ya vibao vya maduka. Utaona majina ya familia za Kihindi na miaka ya ujenzi iliyochongwa juu kabisa ya kuta. Majengo hayo yalijengwa na Wahindu, Waismailia, Mabohora, Masunni na Masingasinga. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yakapewa watu wengine, nyumba za ibada zikabaki bila watunzaji. Baadhi yao walirudi miaka ya 1990 na kudai mali zao. Wengi hawakurudi. Yale majina ya juu ya kuta ndiyo yaliyobaki, na kila mwaka mengine yanafunikwa kwa plasta au yanaangushwa ili ghorofa mpya ipande. Tangu Jinja ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, bei ya ardhi katikati ya mji haiwaonei huruma wazee wala kuta za wazee.

MAHALI PAMOJA, SIMULIZI MBILI

Sasa twende kidogo mashariki, Mayuge, pwani ya ziwa. Hapo katika nchi ya chifu Luba aliuawa Askofu James Hannington mwezi Oktoba 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Ndugu zetu Waanglikana wanakwenda kuhiji Kyando kila mwaka, na mahali hapo pametunzwa vizuri. Hongera kwao.

Lakini katika nchi hiyo hiyo ya Luba, miaka 12 baadaye, kulitokea jambo jingine. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakiwatumikia Waingereza waliasi, wakaja hadi ngome ya Luba na kuishikilia. Meja Thruston na Waingereza wengine waliuawa hapo mwezi Oktoba. Mwezi Desemba aliuawa pia George Pilkington, mfasiri mashuhuri wa Biblia ya Kiganda. Askari hao walikuwa Waislamu, na ni katika jeshi lao ambamo chimbuko la Wanubi wa Uganda linapatikana. Walikuwa na malalamiko ya kweli: mishahara midogo inayocheleweshwa, safari za vita zisizokwisha, na kutenganishwa na wake na watoto wao.

Sisemi kwamba walifanya vyema kuua mateka. Uislamu unakataza jambo hilo. Ninachosema ni kwamba hapo pana simulizi mbili, na watoto wetu wanasikia moja tu. Simulizi ya Hannington imejengewa kanisa na njia ya mahujaji. Simulizi ya wale askari na wake zao, ambao wengi walikufa msituni au vitani, imebaki katika vitabu vya maofisa waliopigana nao na katika vinywa vya bibi wachache wa Kinubi. Bibi hao wakiondoka, itabaki upande mmoja tu.

MBALE NA MAJIRANI ZETU

Wanafunzi wanaosoma Mbale wananielewa zaidi, kwa sababu mji wao umejaa mambo haya. Chuo Kikuu cha Kiislamu, ambacho sote tunajivunia, kilifunguliwa hapo mwaka 1988 baada ya nchi za Kiislamu kukiazimia katika mkutano wa Lahore mwaka 1974. Lakini mji wenyewe ulianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa Mprotestanti, aliyegombana na Waingereza waliomtumia, na mwaka 1919 akaamua kufuata dini ya Kiyahudi. Wafuasi wake, Abayudaya, wapo hadi leo katika kilima cha Nabugoye, na kaburi la Kakungulu lipo Gangama, si mbali na mji.

Hapa lazima tuwe wakweli. Wakati wa Idi Amin, mtawala aliyekuwa Muislamu, Abayudaya walikatazwa kufuata dini yao, na jumuiya yao ikapungua sana. Amin alipoanguka mwaka 1979, Waislamu nao wakaonja shubiri: katika maeneo ya magharibi ya nchi, watu wasio na hatia waliuawa na misikiti ikashambuliwa kwa kosa la mtu mmoja. Wale waliokatazwa jana na wale walioshambuliwa baadaye walijifunza somo lile lile, kwamba mahali pa ibada pa jirani yako pakikosa usalama, pako pia hapana usalama.

Alhamdulillah, historia haikuishia hapo. Mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa eneo hilo la Mlima Elgon, Waislamu, Wakristo na Wayahudi, waliunda chama cha ushirika kinachoitwa Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Waliuza kahawa pamoja bila mtu kuacha imani yake. Kama watu wanaweza kugawana mizani ya kahawa kwa uadilifu, wanaweza pia kugawana historia.

Mbale pia ni nyumbani kwa Bamasaba na tohara yao ya imbalu, inayofunguliwa Mutoto kila mwaka wa shufwa. Familia za Kiislamu zina msimamo wao katika hilo, na wengi huwatahiri watoto wangali wadogo. Ni sawa. Lakini mzee Muislamu wa Kimasaba anayeweza kuwaeleza wajukuu maana ya Mutoto hajatoka katika dini kwa kueleza.

JE, SI SHIRKI?

Nimefika kwenye swali ambalo najua baadhi ya masheikh na vijana wetu wameshaliandaa. Watasema: "Maalim, unataka tutunze makaburi ya makafiri, mahekalu na miti ya mizimu? Je, Mtume (S.A.W.) hakuvunja masanamu?"

Alivunja masanamu, naam, katika Al-Kaaba. Nyumba ile ilijengwa na Nabii Ibrahim (A.S.) kwa ajili ya kumuabudu Mwenyezi Mungu peke yake, na masanamu yaliingizwa humo baadaye. Kuyaondoa ilikuwa kuirudisha nyumba kwa mwenyewe. Hiyo si ruhusa ya kuvamia nyumba za wengine. Katika Surat al-Hajj, aya ya 40, Mwenyezi Mungu anataja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kwa pamoja, na kutueleza kwamba lau si Yeye kuwakinga baadhi ya watu kwa wengine, zote hizo zingebomolewa. Angalia jinsi zilivyopangwa katika aya moja.

Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar (R.A.) alipoingia Jerusalem alikataa kuswali ndani ya kanisa kubwa, akichelea Waislamu wa baadaye wasije wakalinyakua kwa kisingizio kwamba Umar aliswali humo. Maswahaba walioingia Misri waliyakuta mapiramidi, makaburi ya wafalme walioabudiwa, wakayaacha. Na sote tunaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) kusimama lilipopita jeneza la Yahudi, na alipoambiwa ni Yahudi akauliza kama hiyo nayo si nafsi.

Ipo tofauti kubwa kati ya kuhifadhi na kuabudu. Chukua mfano wa maporomoko ya Bujagali, kaskazini kidogo ya mji. Kwa Wasoga wengi hapo palikuwa makao ya Budhagali, roho kubwa ya mto, aliyekuwa na mhudumu wake na mahali pake pa matambiko. Bwawa jipya lilipopangwa, wenyewe walilalamika, na malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia. Zilifanywa sherehe za kuihamisha roho hiyo, na mwaka 2012 bwawa likazinduliwa. Maporomoko yamezama.

Nakumbuka jinsi wengi wetu tulivyocheka wakati huo. Tulisema, mashetani hayo yahame yaende zake. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Siku hizi ninajiuliza. Sikubaliani na tambiko, sitachangia mbuzi wa tambiko, na sitampeleka mwanangu kuliangalia kana kwamba ni mchezo. Lakini je, watu wanaopoteza mahali walipozika kumbukumbu za babu zao hawana haki ya kusikilizwa? Siku barabara itakapopanuliwa na kupita juu ya makaburi ya Waislamu, tutakwenda kwa nani kulalamika, na kwa hoja gani, ikiwa hoja hiyo hiyo ya majirani tuliicheka?

KOSA LETU WENYEWE

Tena wakati mwingine sisi ndio tunaobomoa. Msikiti mkubwa wa taifa pale Old Kampala, uliofunguliwa mwaka 2008, ni fahari ya Waislamu wote wa Uganda. Lakini ili ujengwe, jengo la zamani la ngome ya Lugard lililokuwa kilimani liliondolewa, na mfano wake ukajengwa pembeni. Lugard hakuwa rafiki wa Waislamu. Hata hivyo, ngome ya adui nayo ni ushahidi, na ushahidi wa nakala haufanani na wa asili.

Na naomba niwasimulie la kwetu. Katika kijiji kimoja cha Busoga, ambacho sitakitaja, kulikuwa na msikiti mdogo wa matofali ya udongo na bati lililokula kutu. Ndani ya mlango palikuwa na ubao wa mvule wenye majina saba ya wazee walioujenga, kwa herufi za Kiarabu, na jina la mtu aliyetoa ardhi. Miaka kadhaa iliyopita alipatikana mfadhili kutoka nje, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, na msikiti mpya ukajengwa. Mimi nilikuwa katika kamati. Ule wa zamani ulibomolewa kwa siku moja. Hatukupiga picha hata moja. Ubao uliwekwa nje penye mvua, na baadaye tukasikia uliungua jikoni siku ya karamu ya ufunguzi. Ukutani sasa lipo jiwe la marumaru lenye jina la mfadhili peke yake.

Miaka mitatu baadaye wajukuu wa yule aliyetoa ardhi walikuja kuidai. Walisema babu yao aliazima tu, hakutoa. Karatasi ya waqfu hatukuwa nayo. Wazee saba walikuwa wamefariki. Ubao ambao ungesema kweli tulikuwa tumeuchoma wenyewe chini ya sufuria ya pilau.

Unajua nani alituokoa? Mzee mmoja Mkristo, katekista mstaafu wa kanisa la jirani, wa miaka themanini na kitu. Alikuja mbele ya baraza la kijiji kwa fimbo yake, akaeleza kwamba akiwa kijana alikuwepo siku ardhi ile inatolewa, baba yake akiwa shahidi, na akataja mipaka mti kwa mti. Akasema, "Hawa Waislamu ni jirani zangu. Walikuja kuzika mama yangu. Siwezi kunyamaza." Wajukuu walimheshimu, na kesi ikaisha.

Ndugu zangu, mara nyingi nafikiri, je, kama sisi tungeitwa kutoa ushahidi wa uwanja wa kanisa lake, yuko nani kati yetu ambaye angejua mti hata mmoja?

MAJENGO HAYATUSUBIRI

Tusidhani kuna mtu mkubwa atakayetufanyia kazi hii. Unguja, Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, jengo la Beit al-Ajaib likiwa katikati yake, na bado sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakapoteza maisha. Makaburi ya Kasubi yaliingizwa mwaka 2001, yakaungua Machi 2010. Timbuktu mwaka 2012, watu wenye bendera ya Uislamu walibomoa makaburi ya mawalii wa Kiislamu, na mmoja wao akafungwa miaka tisa na mahakama ya kimataifa mwaka 2016. Ikiwa yaliyo katika orodha ya dunia yanapotea, msikiti wa matofali ya udongo utasalimika vipi?

Uganda tuna sheria ya kulinda maeneo ya kihistoria tangu mwaka 1967, na Bunge limepitisha mpya kuchukua nafasi yake. Lakini sheria inalinda kinachojulikana. Kijulishwe na nani kama si sisi tunaoishi nacho?

TUFANYE NINI?

Napendekeza mambo machache yasiyohitaji mfadhili.

Kwanza, kila msikiti uwe na daftari moja la historia. Liandikwe mwaka wa kujengwa, waliojenga, aliyetoa ardhi, mashahidi, maimamu mmoja baada ya mwingine, na mafundi pia. Nakala ya hati ya waqfu iwekwe humo, na nyingine iwekwe mahali pengine salama.

Pili, vijana wenye simu wakae na wazee. Simu mnazorekodia mawaidha na harusi zinaweza kumrekodi bibi akisimulia alivyotoka Bombo au Namasagali. Muulizeni jina la mwalimu wake wa kwanza wa Kurani. Fanyeni mwezi huu, kwa sababu ajali haina hodi.

Tatu, kabla ya kubomoa chochote, pigeni picha kila ukuta, na kitu chenye maandishi kihifadhiwe ndani ya jengo jipya. Jina la mfadhili likae, na majina ya waanzilishi yakae juu yake.

Nne, makaburi yasafishwe na yawekewe mipaka. Tukisafisha yetu, tuwaulize na majirani kama yao yanahitaji mikono.

Tano, wazazi wawapeleke watoto kuona maeneo haya yote: chanzo cha Naili, Mpumudde, Kyando, Nabugoye kwa ruhusa ya wenyewe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha mara nyingi katika Kurani tutembee katika ardhi na tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Nendeni kwa heshima, vaeni kwa heshima, ulizeni, msikilize. Mkirudi nyumbani waelezeni watoto tunachoamini na tusichoamini. Mtoto anayeijua dini yake haogopi kuijua ya jirani.

KWA YULE BINTI

Wiki iliyopita nilimwita yule msichana baada ya darasa, nikamweleza habari za Sidi Mubarak na Waungwana, na za askari wa ngome ya Luba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tunaweza kuandika ombi ili majina yao nayo yawekwe pale mtoni. Nikamwambia tutaandika, inshallah. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi tumwandike na yule mfalme wa Hoima, kwa sababu naye hakufika nyumbani."

Sikumfundisha hilo. Tumeanza barua, kwa Kiswahili na Kiingereza, na watoto wanaisahihisha. Wazazi na wanafunzi wenye kumbukumbu za Jinja, Mayuge, Iganga au Mbale, picha za zamani, hati, au jina tu la mzee ambaye bado anakumbuka, wawaone maimamu wao au sisi walimu wa madrasa. Na kama mzee huyo ni Mkristo, Mhindu au Myahudi, mleteni vile vile. Huenda yeye ndiye anayejua mipaka ya msikiti wenu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, atusamehe kwa tulivyovipoteza, na atujaalie kuwa waaminifu katika amana tuliyoachiwa. Amin.